Jina la Nyanya Kabla Hajaolewa

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, kila Jumapili alasiri, niliwafundisha kina mama wa Keumbu kuandika habari za ukoo kwenye daftari. Ukoo wa waume zao waliutaja bila kusita, hadi babu wa babu. Nilipouliza majina ya nyanya zao, walitazamana. Kwetu mwanamke akishazaa huitwa mama wa fulani, na jina lake la usichana hubaki alikotoka. Nikawafokea. Mtu anamsahauje nyanya aliyemzaa mama yake? Ndipo mama mmoja akaniuliza kwa upole, “Na wako, mwalimu, aliitwa nani?”

Sikujua.

Aliyebaki kulijua jina hilo alikuwa dada mdogo wa nyanya yangu, aliyeolewa Kebirigo. Nilimkuta ameketi kwenye ngozi mlangoni. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya sauti tangu mavuno ya wimbi. Swali langu alilielewa. Midomo ilihangaika, machozi yakamtoka, lakini neno halikutoka. Kwa ujinga wangu nikampa penseli. Aliibana kama mpini wa jembe, akaiweka juu ya karatasi, kisha akanitazama, akingoja nimfundishe.