Alhamisi Moja kwenye Mkeka wa Mkubwa

Habari ilinikuta Darsait, juu ya paa la watu, mkono mmoja umo ndani ya kiyoyozi kibovu na wa pili umeshika simu. Ujumbe ulikuwa mfupi kama zilivyo jumbe za misiba huku Maskati: fulani ametangulia, anazikwa baada ya laasiri, azza ya wanaume, kikao cha kupeana pole, ni msikitini kwao. Nilimaliza kufunga bomba la gesi, nikanawa, nikaenda. Marehemu hakuwa ndugu yangu wala rafiki yangu. Alikuwa mtu wa wizara, mwenye chumba chake cha ofisi Al Khuwair na jina lake mlangoni, na mimi nilikuwa fundi aliyemtengenezea viyoyozi vya nyumbani kwake kwa miaka mingi. Lakini fundi huingia vyumba ambavyo mgeni wa heshima haingii, na huko ndani husikia mengi. Kwa hiyo nilimjua, na nnasema mapema ili msomaji asinilaumu baadaye: sikumheshimu sana.

Pale kwenye azza tulikaa kwa mistari, migongo ukutani, kahawa chungu inazunguka na tende mbele yetu. Sifa zikaanza. "Hajapatapo kuchukua likizo, mtu yule," alisema mmoja. Wa pili akapokea: "Wa mwanzo kuingia, wa mwisho kutoka. Wallahi hata siku aliyozaliwa binti yake tulikuwa naye ofisini." Watu wakatikisa vichwa kwa kustaajabu, kama waliosomewa habari za mawalii. Mimi nikatazama ndani ya kikombe changu. Mbuzi akimkataa mwanawe, mchungaji humwita mbuzi mbaya. Mtu akifanya hivyo tunampandisha cheo, na akifa tunamsifu kwenye kahawa. Hakuna hata mmoja pale aliyesema kitu ambacho marehemu aliwahi kukipenda, chakula gani, mchezo gani, mzaha gani. Walijua saa yake ya kuingia kazini.

Pembeni yangu alikaa mzee mmoja mnene, ndevu nyeupe, fimbo mapajani. Nilimtambua. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa marehemu wizarani, sasa amestaafu, na hao waliokuwa zamani wakimkimbilia kumbusu bega sasa walikuwa wakimpita bila kumuona. Watu wake walitokea Tabora, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara mpaka leo. Aliniinamia akaninong'oneza: "Samahani bwana, marehemu huyu ni yupi hasa? Nilikuwa nao wengi." Nikamwambia, yule aliyekaa chumba cha pili kutoka chako miaka tisa. Akafikiri, hakupata. Nikamwambia: "Baba wa yule binti wa udi, kule Quriyat." Uso wake ukafunguka kama mlango. "Aa! Yule mtoto! Yule nitamsahau vipi?"

Basi niwaambieni habari ya huyo binti, maana ndiyo habari ya marehemu yenyewe. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, wakati ambao wazee wetu waliotoka Unguja bado wanauita vuli, ingawa haidondoki hata tone la mvua. Huku vuli ni kuvunjika kwa joto. Miezi mitano watu wamejifungia na makandisheni, watoto wamekuwa weupe kama unga, kisha asubuhi moja unafungua mlango na hewa haikupigi usoni. Basi Alhamisi na Ijumaa, siku za mapumziko, mji mzima hutoka na mikeka. Mimi kazi hunikauka msimu huo, hakuna anayemkumbuka fundi wa viyoyozi, kwa hiyo marehemu alinichukua niendeshe gari la pili lililobeba vyombo. Nilikubali kwa kuwa Quriyat nilikuwa sijaifika, na mahali nisipopafika hapaniachi nikalala.

Binti alikuwa na miaka saba. Kiangazi chote alikuwa akimfuata babake na neno moja, nami nililisikia kwa masikio yangu nikiwa juu ya ngazi: "Baba, lini utanifundisha kuogelea?" Na baba, macho kwenye makaratasi: "Joto likivunjika tu, mamaangu. Nakupeleka Quriyat, siku nzima ni yako." Marehemu alikulia Unguja na mamake alikuwa akisema mwanawe aliogelea kabla ya kutembea. Kwa hiyo mtoto hakuwa akiomba kitu kigumu. Njiani alikaa na mpira wa ndani wa tairi la lori niliomletea kutoka karakana, ameukumbatia, kichwa kimechomoza katikati ya tundu. Alimuuliza babake kila kona ya mlima kama bahari imefika.

Tulifika, tukatandika, nikawasha seredani la makaa, mama akatoa kachori na sambusa, samaki nguru akawekwa motoni. Marehemu alikuwa anavua viatu. Ndipo alipoinua macho akaona, mitende michache kutoka kwetu, mkeka wa mkubwa wake. Niliona mwili wake ukibadilika. Alivaa viatu tena, akakiweka sawa kilemba, akamwambia mkewe: "Nakwenda kutoa salamu tu. Dakika mbili." Binti akasema, "Na mimi nakungoja hapa hapa." Akakaa juu ya mpira wake, miguu imeelekea baharini.

Dakika mbili zilikula asubuhi. Alikunywa kahawa ya mkubwa, akawamiminia kahawa wageni wa mkubwa, akawamenyea machungwa watoto wa mkubwa. Nguru alipoiva akaja mbio, nikadhani amerudi, kumbe amefuata sahani. Alichukua vipande vya mgongo vyote akavipeleka kule. Mkewe alimtazama mpaka akaketi tena kule kwa mkubwa, kisha akanigeukia: "Umeona, fundi? Wenzangu wanaletewa wake wenza wenye hina. Mimi wangu ana ndevu." Dada yake, aliyekuwa akikaanga, akaangua kicheko. "Mtayarishie na kitanda basi, bibie!" "Kitanda cha nini? Mume wangu halali, anasubiri kupigiwa simu." Walicheka, lakini binti hakucheka. Maji yalikuwa yakienda mbali, na kila baada ya muda aliuburura mpira wake kidogo mbele, kuyafuata.

Msomaji wa mbali ataniuliza, kwani asiondoke? Ndiyo maana nnaandika. Kwetu mgeni hajiondokei tu mbele ya mkubwa wake. Husubiri ishara, na ishara yetu ni udi. Ukifukizwa udi umeambiwa kwa heshima kwamba kikao kimekwisha, na baada ya udi hakuna kukaa. Lakini nani anakwenda pwani na udi wa kuagia wageni? Mkubwa hakuwa nao. Kwa hiyo marehemu alisubiri ishara ambayo haikuwepo, na mkubwa, kama alivyoniungamia pale kwenye azza baada ya miaka yote hiyo, alikuwa anakufa kwa kuchoka. "Wanangu walikuwa wananivuta kanzu tucheze mpira," alisema. "Nilikuwa namwomba Mungu jamaa aondoke. Nitamwambiaje mtu ondoka, ameniletea samaki?" Watu wazima wawili, wasomi wote wawili, kila mmoja amemfunga mwenzake kwa adabu, na familia mbili zinawatazama kama wanaotazama magari mawili yaliyokutana kwenye uchochoro na hakuna anayerudi nyuma.

Aliyefungua fundo ni binti. Alimjia mamake akauliza, kwa sauti ya kawaida tu: "Mama, wageni wa baba nyumbani huondoka lini?" Mama, huku anafuta sinia: "Wakishafukizwa." Mtoto akaufungua mkoba wa mamake, akatoa kijaluba cha udi aliokuwa nao wa kuondolea nguo harufu ya samaki, akachukua kopo tupu la maziwa na kuninyooshea. "Ami, nitilie kaa la moto." Nikamtazama mama. Mama akasema, "Mtilie." Nikatia kaa kwa koleo, nikamfungia kopo kwa kitambaa asiungue. Akatembea juu ya mchanga, taratibu, moshi unamfuata, mpaka mkeka wa mkubwa. Akaanza kwa mkubwa mwenyewe, mkono wa kulia, kama alivyoona nyumbani. Akazunguka wote. Babake alikuwa wa mwisho kufukizwa.

Rangi ya marehemu ilimtoka. Halafu mkubwa akacheka, kicheko cha mtu aliyefunguliwa pingu, akajifukiza ndevu mbele na nyuma, akasimama. "Haya jamani, tumefukuzwa! Na aliyetufukuza ana haki. Nenda bwana, nenda kwa watoto wako." Na yeye huyo akakimbia na kanzu yake kuufuata mpira wa wanawe.

Saa iliyofuata nitaieleza kwa haki, maana nimeahidi kusema kweli na si matusi matupu. Marehemu alivua kanzu, akabaki na shuka, akamshika binti mkono mpaka maji yakamfika yeye baba kiunoni. Akamlaza chali juu ya mikono yake miwili. Nilikuwa ukingoni nnasugua sufuria na mchanga, nikamuona vizuri. Alimwachia mkono mmoja, mtoto akaelea. Kisha akashusha na wa pili kidogo, mtoto akaelea bado, mikono wazi, masikio majini, macho juu. Na yule mtu wa wizara alicheka. Alicheka bila sauti kubwa, mdomo wazi kama mvulana, na akatazama huku na huku akitafuta wa kumuonesha. Kwa muda huo, wallahi, nilimpenda.

Kisha gari la mkubwa likawashwa. Akalisikia. Akageuka, akatoka majini mbio, shuka limemganda miguuni, kwenda kumfungia mkubwa mlango wa gari. Binti hakujua kwamba mikono haipo. Alizama, akanywa maji, akasimama mwenyewe anakohoa, maji yakimfika kidevuni. Mama alikuwa ameshaingia majini na nguo zake zote mwilini. Njia nzima ya kurudi marehemu alimgombeza mtoto kwa aibu ya udi, na Jumamosi, mkewe alinambia, kitu cha kwanza alichofanya kazini ni kwenda kuomba radhi. Hawakwenda Quriyat tena. Alisema pwani kuna watu wengi wa wizara.

Nimewahi kumtetea moyoni. Kizazi chake kilirudi Oman na mabegi mawili na Kiingereza, kikapewa viti, na mtu aliyewahi kuikimbia nchi kwa usiku mmoja hukishika kiti kwa mikono miwili. Hilo nnalielewa nusu. Nusu ya pili siielewi. Yeye mwenyewe, nilipomtania siku moja juu ya ile Alhamisi, alinijibu kwa kujivuna: "Mtumikie kafiri upate mradi wako." Nikamwambia mkubwa wako si kafiri, tena alikuwa anakuombea uondoke. Na mradi wenyewe ni upi, ikiwa si hao uliowaacha juu ya mpira wa tairi? Aliniuliza kama gesi imejaa. Mimi niliacha shule mapema na sikudumu kwa mwajiri yeyote, watu kama yeye wananiita mzururaji, na ni kweli. Lakini nimezurura nyumba nyingi za mji huu, nimeona vyeti vya shukrani vilivyotiwa vioo sebuleni, na watoto wanaomjua dereva kuliko baba. Naona kinyaa. Uchapakazi wa namna hii ni uoga uliopigwa pasi.

Siku ya tatu ya msiba nilipeleka mashine ya kuongeza baridi upande wa wanawake. Binti alitoka mpaka kizingitini, mtu mzima sasa, macho yamevimba. Akanisalimu, "Shikamoo ami," kisha akanivuta pembeni. "Tangu juzi kila mtu ananambia baba alikuwa hodari wa kazi. Hilo nalijua. Wewe ulikuwepo Quriyat." Nikasema nilikuwepo. "Nilipoelea, nilikuwa natazama juu. Sikumuona uso, na masikio yalikuwa majini. Mama aliona nilipozama tu. Nimejiuliza mpaka leo. Alikuwa ananitazama, au alikuwa anatazama gari?"

Wizara ilikuwa na mashahidi wake wamejaa msikitini, na huyu mmoja hakuwa na wa kumuuliza ila fundi. Nikamwambia: "Alikuwa anakutazama wewe. Na alikuwa anacheka." "Anacheka vipi?" Nikamuonesha, pale kizingitini, mdomo wazi kama mjinga. Akajiziba uso kwa mtandio, akakaa chini, akalia kilio ambacho nadhani alikuwa hajakilia tangu siku ya kwanza.

Ndiyo funzo langu, na sitalipamba. Baba aliyempa mwanawe saa moja ya kweli katika umri mzima amemwachia urithi mdogo mno, tena wa kuazima machoni pa mtu mwengine. Joto limevunjika wiki hii. Wewe unayesoma hapa una wanao, na wanakungoja waone uso wako. Wasije wakaenda kuuliza kwa mafundi ulikuwaje.