Karatasi Yenye Pengo

Tangazo lile nililipanga mimi kwa mikono yangu, herufi moja moja, na sikulisoma. Asiyejua kazi ya chapa atasema mzee huyu anaropoka, utapangaje maneno usiyoyasoma? Haya, sikilizeni. Herufi za madini ya risasi hupangwa zikiwa zimepinduka, ili karatasi ikishagandamizwa maneno yatoke sawa. Jicho la mpangaji linatafuta kosa tu: herufi iliyolala, nukta iliyokosekana, mstari uliopinda. Maana anamwachia mwenye kazi yake. Nilikuwa na miaka ishirini na ushei, nilijiona fundi, na maana ya maneno nilidhani hainihusu.

Kiwanda chetu cha chapa kilikuwa chumba kirefu na stoo nyuma yake, mjini Mwanza, juu kidogo ya njia ya kuteremkia Igogo. Tulikuwa watu saba. Mwenye kiwanda tulimwita Tajiri, kama waajiri wote walivyoitwa siku zile, awe na mali asiwe nayo. Tulichapa stakabadhi za wanunuzi wa pamba, kadi za harusi, ratiba za ibada. Siku za mwisho mwisho za utawala wa Waingereza ikaja oda kubwa: matangazo ya sheria ya kazi kwa Kiswahili, ambayo kila mwajiri alitakiwa ayatundike mahali wafanyakazi wake wanapoweza kuyaona. Wenye viwanda vya pamba waliyataka, wenye hoteli waliyataka, wenye maduka makubwa waliyataka. Tukayachapa marundo kwa marundo. Na ukutani kwetu? Hata moja. Palikuwa na kalenda iliyopitwa na wakati na misumari ya kutundikia makoti. Mganga hajigangi, tulikuwa tukisema, na tunacheka.

Mkataji wetu wa karatasi alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Tena ndiye aliyenileta pale kazini, akaniombea kwa Tajiri, akanivumilia nilipokuwa namwaga herufi sakafuni. Mwaka wa pili akaniambia, "Wewe kila siku unakula hotelini kama msafiri. Mimi nina mdogo wangu nyumbani." Hivyo ndivyo nilivyooa. Shemeji hakujua kusoma hata herufi moja. Lakini mikono yake! Alikuwa akipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa rundo la karatasi, huku anatazama dirishani, akakwambia limekatwa sawa au limepinda. Hakuwahi kukosea. Maandishi ya Mwanza nzima yalipita chini ya kisu chake na hakuna hata neno moja lililosema naye.

Mashine ya kukatia ilikuwa na kisu kirefu kuliko mkono wa mtu, na mbele ya kisu kulikuwa na wavu wa chuma wa kukinga vidole. Wavu ule ulichelewesha kazi. Msimu wa pamba ulipopamba moto Tajiri akaufungua, akautupa stoo, akasema utarudi kazi ikipungua. Shemeji alininong'oneza, "Naogopa hiki kisu kikiwa uchi hivi. Lakini Tajiri kaamua, nifanyeje? Mwenye nguvu mpishe."

"Mwenye nguvu mpishe," nikaitikia.

Na wakati naitikia nilikuwa nimeshika mkononi mstari wa risasi unaosema kwamba mfanyakazi asilazimishwe kutumia mashine iliyoondolewa kinga, na kwamba anayo haki ya kukataa na kupeleka habari kwa Afisa wa Kazi. Nilikuwa naukagua, naona kama herufi zimekaa sawa. Zilikaa sawa kabisa.

Ajali ilitokea asubuhi. Wadudu wa ziwani walikuwa wameingia mjini tangu alfajiri, wale wanaopanda juu ya maji kama moshi, kisha upepo unawamwaga kwenye nyumba za watu, na ukifungua kinywa unawameza. Chumba kizima walijaa. Shemeji alikuwa anakata rundo la matangazo yaleyale. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye mpini, wa kushoto unanyoosha rundo. Mdudu akamwingia jichoni, akageuza uso. Kisu kikashuka upande, kikapenya rundo, kikakwama karibu na chini. Nilisikia, "Mama yangu!" mara moja tu. Akapoteza vidole viwili na nusu ya cha tatu.

Tulimfunga kwa kanga ya mama mmoja aliyekuwa anapita, tukampeleka hospitali. Niliporudi, wenzangu walikuwa wamekwishachoma karatasi za juu zilizoharibika kwa damu. Za chini zilikuwa safi, ila kila moja ilibaki na pengo ukingoni pale kisu kilipokwama, pengo kama mdomo wa samaki sato. Zikatupwa stoo, karibu na ule wavu.

Wiki ya pili tukasikia Afisa wa Kazi anakuja kuuliza. Tajiri akaniita stoo. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Aliniambia swali lenyewe ni moja tu: siku ile tangazo lilikuwapo ukutani au halikuwapo? Kama lilikuwapo, basi mkataji alijua haki yake ya kukataa, akaendelea mwenyewe kwa hiari yake, kosa ni lake. Kama halikuwapo, kosa ni la mwenye kiwanda, na pengine kiwanda kinafungwa.

"Kikifungwa mtakula mawe, wote sita," akasema. "Na mkeo nasikia ni mjamzito. Kwani utakuwa umesema uongo? Karatasi si zilikuwa humuhumu ndani? Zilikuwa hazijatundikwa tu."

Hazijatundikwa tu! Miaka yote hii bado naisikia hiyo "tu" yake. Nilijua ni uongo. Nawaambia wazi, nilijua, msinitafutie udhuru. Niliogopa njaa, na nilipenda kuitwa fundi mkuu, maana na hilo alilitaja.

Karatasi nzima hazikuwapo tena, zote zilikuwa zimekwenda kwa wateja, na herufi zake tulikwisha kuzirudisha kwenye visanduku. Nikachukua moja kati ya zile za stoo. Nikaipepea juu ya jiko la mkaa ikapata rangi ya moshi, nikainyunyizia chai, nikaikunja pembe kama iliyoshikwashikwa. Nikaipigilia misumari minne karibu na mlango. Nikasimama mbali kuitazama. Mimi ni mtu wa herufi, nilitazama herufi. Ukingo sikuutazama.

Afisa, Mzungu mrefu, mpole wa sauti, Kiswahili chake si kibaya, alikuja asubuhi na karani wake. Shemeji naye aliitwa. Aliingia mkono umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko. Nikamwambia, "Shikamoo, shemeji," akaniitikia, "Marahaba, hajambo mdogo wangu?" Nikasema hajambo. Alikuwa na imani. Nilimwona usoni kwamba amefurahi kunikuta pale, kwa kuwa mwenye kusoma nyumbani kwao nilikuwa mimi, na mambo ya serikali ni mambo ya wasomi.

Afisa akanionyesha ukutani. "Karatasi hii ilikuwa hapa siku ya ajali?"

"Ndiyo, Bwana. Ilikuwapo."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya msimu wa pamba."

Wenzetu walitazama meza zao. Afisa akamgeukia shemeji, akamuuliza kama aliisoma. Akajibu, "Mimi sijui kusoma, Bwana." Nikaona Tajiri ananitolea macho. Hilo hatukuwa tumelipanga. Afisa naye akanirudia mimi. "Kuna mtu aliyemsomea?"

Ee Mungu wangu. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza hata kusema sikumbuki.

"Alisomewa," nikasema. "Nilimsomea mimi."

Shemeji alitembea mpaka ukutani, taratibu, akasimama mbele ya tangazo. Nilidhani anatazama maandishi, na moyo ukanitulia kidogo, maana angeona nini? Kisha akainua mkono wa kulia, ule mzima, akapitisha kidole gumba ukingoni, kutoka juu kuja chini, kama alivyokuwa akifanya kwa kila rundo lililotoka kwenye kisu chake. Kidole kikashuka, kikashuka, kikaingia kwenye pengo. Kikabaki humo.

Karatasi ile isingeweza kuwa ukutani siku ile. Siku ile ilikuwa chini ya mkono wake. Hakuhitaji kusoma ili alijue hilo, na sentensi moja tu ingetosha: njoo uone hapa, Bwana. Angepata haki yake yote, na mimi ningefungwa kwa kuidanganya serikali.

Akageuka kunitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alikuonea wapi.

"Una neno?" Afisa akamuuliza.

Akakitoa kidole kwenye pengo. "Sina neno, Bwana," akasema. "Huyu ni shemeji yangu. Amemwoa mdogo wangu, naye ana mimba. Akisema alinisomea, alinisomea."

Karani akaandika. Tajiri akaagiza chai.

Ikaamuliwa kwamba alijua, na kwamba aliendelea kwa hiari yake. Kazi hakurudishiwa, mkataji mwenye mkono ule wa nini? Jioni mke wangu akaniuliza, "Umewaambia nini, baba?" Nikamwambia nimesema kama ilivyokuwa. Akaniwekea maji ya kuoga. Mwishoni mwa mwezi shemeji alihama Igogo, akaenda kwa jamaa zao Pasiansi, kulima mihogo. Uvuvi hakuuweza, maana kamba za nyavu hazifungiki kwa mkono ule.

Huko tulikuwa tunakwenda, mke wangu na mimi, na baadaye mtoto wetu wa kike tukimbeba. Alitupokea vizuri, na hilo ndilo lililonitesa. Heri angenitukana! Alimpakata mtoto kwa mkono ule wa vidole viwili na kipande, akamwimbia, akaniuliza habari za kazi. Nami ndiye fundi mkuu, nikamweleza habari za kazi. Wala hakuwahi kumwambia mdogo wake neno lolote la siku ile. Najua, maana mke wangu asingeweza kuficha.

Uhuru ukaja. Wiki zile hatukupumua, kadi za mialiko, matangazo ya ngoma, vibendera vya karatasi vya kijani, nyeusi na njano kwa watoto wa shule. Mji ulikuwa unacheka. Watu walisimamishana barabarani na kusema sasa tumekuwa watu. Mimi nilikuwa nawaitikia, Uhuru, Uhuru, na kila nilipoinua macho karatasi ilikuwa pale karibu na mlango, misumari yake minne, pengo lake ukingoni. Tajiri alikuwa amekataza isiguswe.

Siku moja nikaing'oa mchana kweupe, mbele yake. "Unapeleka wapi hiyo?" akaniuliza. Nikamwambia kwa mwenyewe. Sikungoja jibu.

Nilimkuta shemeji nje ya nyumba yake Pasiansi, anamenya mihogo, kajifunza kuubana muhogo kwa goti. Nikamwamkia, nikaketi chini, nikaikunjua karatasi. Nilikuwa nimetunga maneno mengi njiani ya kumwomba radhi, na yote yakaniponyoka. Nikasema tu, "Shemeji, nimekuja kukusomea."

Akaweka kisu chini. "Soma."

Nikasoma kutoka juu. Habari za siku za mapumziko, habari za kina mama kazini, habari za kuachishwa kazi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyasikia maneno yale, naapa. Nilipofika pale kwenye mashine iliyoondolewa kinga, nikaweka kidole chini ya mstari, nikausoma.

"Hapo rudia," akasema.

Nikarudia: anayo haki ya kukataa.

Akaiomba karatasi, nikampa. Akaishika kwa mkono ule mbovu, akapitisha kidole gumba cha mkono mzima ukingoni mpaka kwenye pengo, na safari hii kidole hakikubaki humo. Mimi nilikuwa nalia, sikuona haya.

"Kumbe ningeweza kukataa," akasema. "Mimi nilikuwa sijui."

Akanirudishia karatasi yangu.

"Na wewe ungeweza kukataa, shemeji. Wewe unajua kusoma."

Akaokota kisu, akachukua muhogo mwingine, akaubana kwa goti.