Jumapili Aliyokosa Ibada

Mdogo wangu alipofariki, wazee wenzangu wa kanisa walikubaliana bila kuniuliza kwamba mimi ndiye nitakayesoma wasifu wake. Mimi ni kaka yake, tena mzee wa kanisa wa mtaa wetu huku mlimani Meru, basi kazi ilikuwa yangu mara mbili. Nilikaa mezani na kalamu siku nzima nikashindwa kuvuka mwaka wa kuzaliwa. Ukweli ni kwamba nilimwonea wivu mtu huyo tangu tukiwa watoto, na wivu hauandikwi kwenye wasifu.

Alikuwa fundi mitambo. Trekta, greda, pampu za maji, mashine za kumenyea kahawa, chochote chenye injini. Karakana yake ya Ngarenaro haikuwa na kibao hata kimoja, lakini watu walimfuata hata kutoka Momela. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na mimi nilijitembeza miaka yote ya ualimu nikitafuta ukuu wa shule, nisiupate. Akiletewa injini hakukimbilia kuifungua. Aliiwasha, akaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini sikioni, akafumba macho, kisha akasema kilichoharibika. Wanangu wakawa wanamwigiza kwa vijiko, wakiisikiliza sufuria ya maharage. Sikumbuki mtoto hata mmoja aliyewahi kuniigiza mimi nikifundisha hesabu.

Angekuwa fundi tu, ningevumilia. Mafundi wengi ninaowajua wana kasoro ya kutufariji sisi wengine: huyu mlevi, yule harudi nyumbani. Yeye alirudi kila siku jua halijazama. Aliwahi kuitwa akasimamie mitambo kwenye mgodi wa mbali, na nyumba apewe, akakataa kwa kuwa asingekula chakula cha jioni na wanawe. Mke wake alipolazwa baada ya kujifungua mtoto wa tatu, alijifunza kusuka ili binti zake wasiende shule na nywele timtim. Alisugua mikono kwa sukari na mafuta ya kupikia hadi grisi ikatoka, akakaa kwenye kigoda penye migomba, akawasuka twende kilioni iliyonyooka kabisa. Mke wangu alichungulia juu ya uzio wa masale akaniambia, "Umemwona mwenzako?" Chai ya siku hiyo sikuinywa.

Nilipostaafu nilinunua mashine ya kusaga, ya injini ya dizeli, nikaifunga hapa nyumbani. Ilipoanza kugonga, kila mtu alitarajia nimwite mdogo wangu, ambaye nyumba yake iko hatua chache kutoka kwangu. Nikaenda mjini nikaleta fundi mwingine. Nilitaka mara moja tu kitu changu kipone bila mkono wake. Fundi yule akafungua, akafunga, Jumamosi jioni akaondoka. Jumapili nilikuwa na zamu kanisani, nikakaa tangu ibada ya kwanza hadi mwisho wa ya pili. Jumatatu nikaiwasha mashine, ikanguruma kuliko ilipokuwa mpya. Nikamsifu fundi wa mjini kwa kila aliyeleta mahindi, na mdogo wangu akiwa karibu, sifa nilizizidisha.

"Kweli, kaka," alisema. "Yule anajua kazi."

Sasa, Jumapili ile ile mdogo wangu hakuonekana kanisani, na hakuwa mtu wa kukosa. Nikaona Mungu amenipa nafasi. Wiki iliyofuata nilimwita mbele ya wazee wote, nikamuuliza alikuwa wapi.

"Nilikuwa na mgonjwa, kaka."

"Mgonjwa gani? Kwako wote wazima."

"Anaendelea vizuri," akasema, akatabasamu. Nikampa somo refu kuhusu siku ya Bwana, na wazee wenzangu wakatazama viatu vyao.

Nilifika kwenye Jumapili hiyo katika wasifu siku moja kabla ya mazishi. Nikaandika kwamba marehemu alihudhuria ibada kwa uaminifu, ukiacha mara moja. Nikamsomea mke wangu. Akaweka chini kisu alichokuwa akimenyea ndizi.

"Baba, hiyo mara moja ifute. Alikuwa hapa. Ulipomsindikiza fundi wako nilijaribu mashine, ikatoa moshi ikazima. Nikampigia shemeji simu. Akasema atakuja ukiwa kanisani, na nisikuambie, usije ukaona aibu."

Aibu niliiona, lakini wivu ulikuwa mkubwa zaidi. Alinishinda kwa ufundi, akanishinda kwa malezi, kumbe alinishinda hata kwa kunyamaza. Na siri ile aliiweka na mke wangu, ndani ya nyumba yangu! Ningeweza kuufuta mstari ule nikabaki na heshima yangu. Nilishika kalamu muda mrefu, mwishowe sikufuta wala kuongeza kitu.

Siku ya mazishi nilisimama kando ya jeneza, mjane na watoto wamekaa mbele yangu. Nilipofika kwenye mstari ule nikaacha kusoma. Nikaikunja karatasi.

"Jumapili aliyokosa ibada," nikasema, "alikuwa kwangu, akitengeneza mashine iliyoharibiwa na fundi niliyemleta ili nisimwite yeye. Na mimi nikamkemea mbele ya wazee."

Nilisubiri wanigunie. Wakacheka. Walicheka kina mama wa kwaya, wakacheka wazee wenzangu, akacheka na mjane mwenyewe huku akijifuta machozi kwa kanga. Wote walijua, maana mlio wa mashine hausitiriki. Miaka yote hiyo walileta mahindi kwangu wakanisikiliza nikimsifu fundi wa mjini, na hakuna aliyenitoa tongotongo, kwa sababu mdogo wangu aliwaomba.

Jumatatu nikaenda kuwasha mashine. Ikawaka bila kusumbua. Nikachukua bisibisi, nikaweka ncha kwenye injini na mpini sikioni, nikafumba macho kama yeye. Sikusikia chochote zaidi ya kelele. Wivu ukanipanda upya, na safari hii sikuwa na mtu wa kumwonea.