Marumaru ya Meko na Matanga ya Baba

Mama alinunua fremu ya marumaru ya kuzungushia meko ya sebuleni kutoka kwa familia ya Wahindi waliokuwa wakibomoa nyumba yao ya zamani Nakuru. Ilifika kwetu Mau Narok juu ya lori lililokuwa limepeleka viazi mjini: miguu miwili na bamba refu la juu, vyote vyeupe. Dereva aliviegemeza kwenye ua, akaenda zake. Mimi na Mama tukaingia ndani kubandua plasta iliyolegea, maana gundi haishiki vumbi.

Tulipotoka, akina mama wa kanisa walikuwa langoni, vitambaa kichwani, wimbo wa maombolezo umeshaanza.

"Pole sana, dada," mwenyekiti wao alisema akimkumbatia Mama. "Tumeona jiwe la kaburi. Mzee ametuacha lini?"

Kabla Mama hajajibu, Baba akatokea mlangoni na kikombe cha chai, amevaa kaptura na soksi za sufu. Wimbo ukakatika. Mwenyekiti akamtazama kama mtu aliyevunjiwa ahadi.

"Endeleeni tu," Baba akasema. "Mlikuwa mmefika pazuri."

Mama si mtu wa kuacha mikono mingi hivyo irudi nyumbani bure. Aliwaingiza wote sebuleni. Nikapaka mabonge ya gundi nyuma ya miguu, tukaibana ukutani, nikahakikisha kwa pima maji kwamba imesimama wima. Kisha wanne wakainua bamba la juu, wakalikandamiza.

"Msiachilie mpaka gundi ishike," nikawaambia.

"Itachukua muda gani?"

"Kama ibada."

"Yetu ama ya Wakatoliki?"

Baba akaona nafasi yake. Alivuta kiti mbele yao, wakiwa hawawezi kukimbia, akawauliza walikuwa wamepanga kusema nini juu yake. Mmoja akasema alikuwa mkarimu sana.

"Nani huyo?" Mama akauliza.

Mwingine akasema alilipenda kanisa. Hapo Baba mwenyewe alicheka mpaka akajimwagia chai.

"Mzee, mimi ningesema ukweli," mwenyekiti akasema kutoka chini ya bamba. "Ulikuwa unalala mahubiri yakianza. Lakini hukuwahi kukoroma."

Baba akapangusa chai kwenye kaptura. "Hiyo nimekubali."

Walipoenda nilibaki na ukuta wetu, ambao haujanyooka tangu ujengwe. Upande mmoja kidole kiliingia nyuma ya marumaru. Nilijaza ufa kwa silikoni inayostahimili moto, nikailainisha kwa kidole chenye maji ya sabuni, kisha nikaipaka marumaru dawa ya kuzuia masizi yasiingie ndani ya jiwe.

Silikoni ilipokauka tukawasha moto. Moshi ulipanda kupitia bomba la moshi bila kupenya pembeni. Mama akaipa meko mgongo, akainua sketi kidogo kwa nyuma, akaota moto bila kumjali mtu.

"Tuwekee kuni ingine," akamwambia Baba.