Aliyekohoa Naye Aandikwe?

Mimi na mtani wangu tuligombana karibu msimu mzima wa korosho kwa sababu ya mbuzi. Si mbuzi wa kuchinja, ni mlio wa mbuzi kwenye mchezo wa redio.

Mchezo wenyewe ulirekodiwa hapahapa Masasi, ukapendwa mpaka mashabiki tukaufungulia wiki, yaani tovuti tunayoiandika na kuirekebisha wenyewe. Wasimamizi tulikuwa wawili: mimi, Mmakua mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi karibu na stendi, na yeye, Mmakonde, mwalimu wa sekondari kule Newala. Swali likawa, tuwaandike washiriki wepi? Mimi nilisema wahusika wakuu wanatosha. Yeye alitaka kila mtu: aliyetwanga, aliyekohoa, waliocheka harusini, na huyo bwana aliyelia kama mbuzi.

"Ukimwandika mbuzi, kesho utaniletea na aliyefungua mlango," nikamwambia kwenye simu.

"Kwani mlango alifungua nani? Maana nimeuliza kote, sijampata."

Jamani! Wala hakuwa anatania. Nikamwambia ninyi wa Newala shida ya maji imewafundisha kutomwaga hata tone, ndiyo maana. Akasema sisi wa Masasi tumekaa chini ya majabali mpaka yametuingia vichwani. Utani wetu ndivyo ulivyo, hata msibani haupumziki.

Basi ukurasa wa wazi ukabaki na wakuu tu, na yeye akatunza rasimu yake ndefu pembeni, akinitishia nayo kila tulipoongea.

Jumamosi moja akateremka Masasi ili animalize ana kwa ana. Tulikuwa tumeshawasha kompyuta pale dukani alipoingia dada mmoja, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, kajitanda khanga.

"Shikamooni."

"Marahaba."

Akauliza kama sisi ndio wenye wiki ya ule mchezo. Mama yake alifariki mwaka jana, hapa mjini, mtaa wa Mkomaindo. Aliwahi kuigiza humo, vijisehemu tu. Simu iliyokuwa na sauti yake iliingia maji, na sasa hana sauti ya mama yake hata ya salamu.

"Sehemu za mchezo ni nyingi, sijui nianzie wapi. Nimesoma ukurasa wenu wote, hayumo."

Roho iliniuma, sisemi uongo. Mtani akanikata jicho, kisha akafungua rasimu yake kwa madaha na kumwuliza marehemu aliitwaje.

Dada akamtaja kwa jina la kaka yake, kifungua mimba: Mama Fulani, kama tunavyoitana huku. Kweli alikuwemo, sehemu za mwanzo, kati ya waliocheka harusini. Tukaicheza. Wanawake wote wanacheka kwa pamoja, utamjua nani hapo? Dada akasikiliza tena na tena, akatikisa kichwa. Akawa anatazama tu skrini, machozi yamemlenga.

Halafu akaweka kidole kwenye jina lingine. "Huyu naye ni mama. Hili jina la mtoto ni langu."

Walipohamia Mkomaindo kaka alikuwa ameshaondoka nyumbani, majirani wakamwita mama kwa jina la kitinda mimba, yaani huyu dada. Na chini zaidi palikuwa na Bibi wa fulani, kwa jina la mjukuu. Mwisho wa kila sehemu mtangazaji wa mchezo alisoma majina ya washiriki jinsi watu wanavyoitana, na mtani wangu, bingwa wa ukamilifu, akaandika wanawake watatu, kila mmoja na maelezo yake!

Nilicheka mpaka nikashika meza. "Mwalimu, umemzaa marehemu mara tatu!" Nashukuru dada naye alicheka.

"Mimi angalau nimemzaa," mtani akanijibu. "Wewe ulimfukuza mara tatu."

Nikamvutia dada kiti, akakaa.

Mbele ya yule mama wa jina la dada paliandikwa: mama anayeita mtoto, nyuma ya nyumba. Tukafungua sehemu hiyo. Kuku, mchi, wale wahusika wangu wakuu wakigombea shamba kwa makelele. Kisha kwa mbali, sauti ya mwanamke, imechoka kidogo: "We mtoto! Njoo ule, ugali unapoa!"

"Abee, mama," dada akaitika, na alikuwa ameshasimama.