Jani la Sale kwenye Uzio wa Shule

Wiki iliyopita nilirudi kwenye shule niliyosoma, huku Kilema, nimemshika binti yangu mkono. Januari anaanza darasa la kwanza. Tuliitwa kwenye mkutano wa wazazi, lakini kabla sijafika hata kwenye viti, harufu ya maua ya kahawa ilishanirudisha mbali.

Wewe uliyesoma huku mlimani utanielewa. Asubuhi ukungu ulishuka mpaka madirishani, tukawa tunaimba hesabu bila kuuona ubao. Kila mtoto alikuja na kuni zake, na ikifika saa nne jiko la shule lilishaanza kunukia makande, yanachemka taratibu kama vile hayana haraka na mtu. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori, imening'inizwa kwenye mti wa mringaringa. Na shule nzima ilizungukwa na masale, yale majani marefu tunayopandia mipaka.

Mwaka mmoja baba yangu alimtukana mwalimu mkuu mbele yetu, kisa tulipelekwa kuchuma kahawa ya shule wakati wa masomo. Mwalimu mkuu akasusa, kamati ya shule ikawa haikai tena. Bibi yangu, aliyekuwa mjumbe, alikata jani la sale akamkabidhi baba akaombe nalo radhi. "Sale hubebwa na aliyekosa," alisema, "na anayepewa hakatai." Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa Kanda ya Ziwa, mila yetu haijui. Alipoelezwa akacheka, akalichomeka mfukoni mwa shati, akaenda kuigonga rimu mwenyewe kuita kikao. Tangu hapo kahawa tuliichuma Jumamosi, wazazi na sisi, tunaimba. Ndivyo shule ile ilivyoendeshwa.

Sasa mbele yetu alisimama afisa elimu wa kata. Akasema madarasa ya chini yanahamia shule nyingine, ng'ambo ya korongo, maana watoto waliobaki ni wachache mno. Nikasimama nikauliza, mvua ikinyesha, binti yangu atavukaje.

"Mama, tulia," akasema. "Watoto wenu wengine wako wapi?"

Wote tunajua. Basi la njano huwabeba alfajiri kwenda shule za kulipia mjini.

Mwenyekiti wa kamati, jirani yetu, mama mtu mzima, wajukuu zake wamo kwenye basi hilo. Akaninong'oneza, "Mwanangu, tumpelekee afisa sale. Labda atatuhurumia."

Nilikuwa nimemwamkia shikamoo pale getini. Heshima yangu iliishia hapo.

"Siyo afisa aliyeimaliza hii shule, mama. Hilo sale mpe huyu mtoto."

Nilijua atanitukana. Akaenda kwenye uzio, akakata jani, akamletea binti yangu kwa mikono miwili. Mtoto akapokea, akasema asante. Basi, limeshapokelewa, na kwa mila yetu sitakiwi kubaki na kinyongo. Ninacho.

Jiko limebaki mawe matatu na majani. Makande hayanukii. Chini ya mringaringa rimu bado inaning'inia, imeota kutu, na ukungu ulikuwa umeanza kuizunguka kama zamani. Binti yangu akaikimbilia, akaipiga kwa lile jani, akasubiri.

"Mama," akaniuliza, "mbona hailii?"