Baba Alipochukuliwa na Tramu

Kaka yangu alipotuma tiketi mbili za ndege kutoka Brussels, mama alisema yeye haendi. Nyumba yetu ya mtaa wa Nyakabiga, Bujumbura, haikuwa ya kuachwa peke yake siku zile, na wadogo zangu wawili walikuwa bado wanasoma.

"Nenda na baba yako," aliniambia. "We unajua Kifaransa ya makaratasi. Yeye anajua ya magari tu."

Ilikuwa kweli. Baba alikuwa fundi, na gereji yake ilikuwa mtaa wa Jabe, nyuma ya soko. Kifaransa alijifunzia chini ya magari ya Wabelgiji, kabla ya uhuru na miaka michache baada yake. Aliweza kumweleza Mzungu kila ugonjwa wa injini, lakini asingeweza kuagiza chai.

Vita vilipoanza nilikuwa na miaka kumi na miwili. Sasa nilikuwa na ishirini, na baba alikuwa amepungua maneno. Magari yalikuwa machache, mafuta ya kubahatisha, na kati ya mafundi wake watano alibaki mmoja. Jioni alikaa uani na redio, akisikiliza milio ya bunduki milimani kama mtu anayesikiliza injini mbovu, akitaka kujua iko umbali gani. Kila mtu wa nyumba yetu alikuwa ndani kabla ya jua kuzama. Hiyo ilikuwa sheria ya baba hata pale serikali ilipolegeza amri yake ya kutotoka nje.

Basi tukaruka, mimi na yeye, hadi Brussels.

Kaka alitupokea uwanjani akiwa na mke wake na pacha wao wa miezi minane. Wifi yangu alikuwa mtoto wa Mutanga Sud, mtaa wa kwetu Bujumbura. Alipomsalimu baba kwa mikono miwili, nikaona mabega ya mzee yanashuka. Aliwabeba wale pacha wote wawili kwa mara moja, mmoja kila mkono, na hakuwaachia mpaka garini.

Siku mbili za kwanza mawingu yalifunika jua, nasi tulilala mapema kwa uchovu wa safari. Asubuhi ya tatu kaka akasema, "Leo tunatembea mji." Nilikuwa nimeamka tangu alfajiri, nimeshavaa viatu.

Tulianza na uwanja mkubwa wa katikati ya mji, wenye majumba yaliyopakwa dhahabu mpaka huko juu kwenye masanamu. Nilizunguka pale kama kuku aliyefunguliwa kamba. Nilitaka kugusa kila kitu. Baba, koti limefungwa vifungo vyote na kofia yake ya Ijumaa kichwani, alitazama juu muda mrefu, kisha akauliza, "Na mvua ikinyesha, maji inapita wapi?" Kaka hakujua. Baba akazunguka jumba moja zima kutafuta mabomba.

Halafu tukapelekwa kuona kile kisanamu cha mtoto mdogo anayekojoa, ambacho watu wa dunia nzima huja kukipiga picha. Tulilazimika kupenya umati. Baba alikitazama, akatutazama sisi.

"Ni hiki?"

"Ni hiki, baba."

"Watu wanapanda ndege kuja kuona mutoto anakojoa?" Akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo kwa muda mrefu. Alicheka mpaka Mjapani mmoja aliyekuwa kando yetu naye akacheka bila kujua sababu.

Kabla ya kwenda kituoni, baba alituweka sawa kama alivyotuweka kila tulipotoka nyumbani. "Mji ni mukubwa. Tukipotezana, asitafutane mutu. Kila mutu arudi nyumbani mbele jua lizame." Wifi alikuwa amekwisha kumwandikia anwani kwenye karatasi na kuitia mfukoni mwa koti lake. Tukaitikia wote, ndiyo baba, bila kufikiri.

Tramu ikaja, gari refu la umeme linalopita kwenye reli katikati ya barabara. Ilikuwa ya zamani, rangi ya manjano, ikipiga kengele. Baba alikuwa wa kwanza kupanda, kwa mlango wa mbele kabisa, akasimama nyuma ya dereva. Kaka alikuwa anahangaika kukunja kigari cha watoto, mimi na wifi tumebeba pacha mmoja mmoja. Milango ikajifunga. Tramu ikaondoka.

Nilimwona baba dirishani. Hakupiga kelele wala kugonga kioo. Alitupungia mkono, taratibu, kama waziri.

Saa ilikuwa kumi kasoro dakika chache, jioni. Tulipanda tramu iliyofuata, tukashuka kila kituo kutazama. Hakuwepo. Kaka aliuliza madereva wawili. Wote walitikisa vichwa. Saa kumi na mbili tukarudi nyumbani tukitumaini kumkuta ngazini. Ngazi zilikuwa tupu.

Saa moja ikapita, saa mbili ikapita. Wifi akapiga simu polisi, wakamjibu kwa upole kwamba mtu mzima aliyechelewa saa chache si mtu aliyepotea. Alipotafsiri maneno hayo nilikaa sakafuni. Kwetu, mtu ambaye hajarudi hakuwa amechelewa tu. Fundi mmoja wa baba alitoka gereji asubuhi kwenda kununua plagi, na mpaka leo hatujui alifika wapi. Nilijua niko Ulaya, nilijua hakuna mlima wenye bunduki juu ya mji ule, lakini tumbo langu lilikuwa bado Bujumbura.

Saa nne kasoro dakika kumi tukasikia hatua ngazini, na mluzi. Kaka alifungua mlango kabla haujagongwa.

Baba aliingia, mikono ya koti imechafuka grisi mpaka viwikoni, uso unang'aa.

"Baba, ulikuwa wapi?" kaka alifoka, sauti imepanda kama ya mtoto.

"We mutoto, unanipigia kelele kwa nini? Sikusema mbele jua lizame?" Akaonyesha dirisha. "Jua liko pale. Nimewahi."

Sote tukageuka. Kweli, juu ya mapaa kulikuwa na jua, jekundu, limekaa bila haraka.

"Baba," nikasema, "ni karibu saa nne za usiku."

"Saa nne?" Akatazama saa ya ukutani, akatazama jua, akatazama saa tena. "Saa nne, na magharibi bado?"

"Huku wakati wa kiangazi ndivyo," wifi alisema, machozi na kicheko vimechanganyika. Baba akaketi, akashika kichwa. Kisha akaanza kucheka, na sisi tukamfuata, mpaka pacha wakaamka.

Alituhadithia akiwa bado na koti. Kule nyuma ya dereva alisikia gurudumu linalia. Alilisikiliza vituo vitatu, kisha akamgusa dereva begani na kumwambia kwa Kifaransa chake: bwana, gurudumu la tatu la kulia limeliwa upande mmoja. Dereva, mzee mwenye masharubu meupe, alimwambia aketi. Walipofika mwisho wa njia aliteremka, akainama, akatazama. Alipoinuka alimuuliza, "Wewe ni nani?"

"Nikamujibu, mi ni makanika wa Bujumbura."

Zamu ya dereva ilikuwa imekwisha. Alimchukua baba mpaka karakana yao, penye shimo refu chini ya reli, na mafundi wakamshusha shimoni pamoja nao. Walimwonyesha mota, breki, na namna gurudumu linavyochongwa upya bila kutolewa. Walimpa kahawa. Baadaye yule dereva alimpandisha tramu ya kurudi, akamwandikia jina la kituo kiganjani kwa kalamu.

"Mashine kubwa vile," baba alisema, "na mutu mumoja anaishika na mukono moja tu."

Kaka na wifi walipokwenda kulaza watoto, nilimuuliza kama hakuogopa milango ilipojifunga.

"Niliogopa sana," alisema. "Lakini nilikuona, uso wako. Nikasema, nikilia na mi, huyu atakimbilia chini ya magurudumu." Kisha akaomba nimwonyeshe tena kibla.

Siku zilizofuata yeye ndiye aliyetuongoza. Alitupeleka kwenye lile jengo la mipira mikubwa ya chuma iliyounganishwa kwa mabomba, akasimama chini yake akiuliza nani alichomelea viungo vile. Alitupandisha tramu inayopita msituni, miti mirefu pande zote, matawi yakifagia vioo. Na kila jioni, baada ya chakula, alivaa koti na kusema, "Tutoke." Saa mbili, saa tatu, tulitoka! Tulinunua viazi vya kukaanga kwenye bahasha ya karatasi, tukatembea tukila, hatuendi popote. Sikuwa nimetembea barabarani saa zile tangu nikiwa na miaka kumi na miwili. Mara ya kwanza nilitazama nyuma kila hatua. Mara ya nne nilikimbia, bila sababu yoyote, kutoka kona moja mpaka nyingine, msichana mzima wa chuo kikuu, na baba akanisubiri mwisho wa barabara, anatafuna viazi vyake.

Wiki ya mwisho kaka alimwomba abaki. Alisema mambo yangewezekana, kuna mwanasheria anamfahamu. Baba alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama yenu iko anafunga mlango peke yake," alijibu. "Mi nitarudi. Huyu dada yako, achague mwenyewe."

Nilichagua kurudi naye. Nilikuwa na mitihani, na nilikuwa na mama.

Tulipofika Nyakabiga majirani walijaa sebuleni siku hiyohiyo, Waislamu na Wakristo, wengine wamekuja na viti vyao. Baba, ambaye kwa miaka alikuwa akijibu salamu tu, aliongea tangu adhuhuri. Alipofika kwenye lile shimo chini ya reli, aliinuka akalala chali juu ya mkeka ili waone vizuri, na mama akaja kutoka jikoni na birika mkononi, akasimama mlangoni kumtazama.